Nairobi kwa miguu siku tatu kabla hujapanda Mlima Kenya

Wengi wetu tunaotokea Tanzania kwenda kupanda Mlima Kenya tunaichukulia Nairobi kama stendi tu, unashuka kwenye basi umechoka, unalala masaa manne, alfajiri ushapanda gari ya Nanyuki na kesho yake uko getini Sirimon na begi mgongoni. Mi mara ya kwanza nilifanya hivohivo na ilinigharimu, ndo maana naandika hii. Kama ratiba yako inaruhusu kaa Nairobi siku tatu, tembea kwa miguu, na uvae buti zilezile utakazopandia mlima, usizifiche kwenye begi eti zisichafuke.

Hiyo ya buti naiweka mbele ya yote. Ile mara ya kwanza nilikuwa na buti mpya, nilizijaribu sebuleni nikaona zimekaa vizuri, basi, safari nzima nimevaa sandozi. Nimekuja kuzitembelea kwa mara ya kwanza getini Sirimon, mita 2,650, na kwenye zile kilomita tisa tu za kwenda kambi ya Old Moses kisigino cha kulia kikawa kimeshatoa lengelenge kubwa, kesho yake tunafika kambi ya Shipton's soksi imegandia kwenye ngozi. Kilele cha Lenana nilifika ila njia yote ya juu siikumbuki vizuri maana akili ilikuwa kwenye kisigino. Safari ya pili buti nyingine zilinibana tena, ila safari hii ilikuwa mjini, karibu na bustani ya Jeevanjee, nikaingia duka la dawa nikanunua plasta, nikakaa kwenye benchi chini ya mti, nikavua, nikaona ngozi imeanza tu kuwa nyekundu. Hapo ndo pa kuligundua tatizo, sehemu ambayo unaweza kukaa chini na duka liko mbele yako.

Na ukigundua kisigino kinapanda na kushuka ndani ya buti usikimbilie kukaza kamba zote, utaua mguu. Legeza huku mbele kwenye vidole, alafu kwenye matundu mawili ya juu kabisa pitisha kamba upande uleule utengeneze kitanzi kidogo, ingiza kamba ya upande wa pili kwenye hicho kitanzi, ndo uvute. Kisigino kinakaa nyuma kinatulia. Soksi ziwe mbili, nyembamba ndani na nzito nje, za pamba tupu achana nazo zinashika jasho. Kucha kata siku mbili kabla, sio asubuhi ya kupanda.

Sasa kuhusu hewa. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Mbeya hiyo ni nyumbani, ila kwa sisi wa Dar, Tanga na Zanzibar utaisikia siku ya kwanza tu ukipanda ngazi za daraja la watembea kwa miguu, moyo unaenda mbio na unashangaa kwanini maana ngazi zenyewe ni chache. Mgandamizo wa hewa pale uko chini kwa kama asilimia 20 ukilinganisha na pwani, kwahiyo kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni pungufu. Ni kawaida, tembea taratibu, kunywa maji hata kama husikii kiu kwasababu baridi ya Nairobi inadanganya, hutoki jasho la kuonekana lakini mwili unakauka. Na jua la pale ni la karibu na ikweta halafu uko juu, hata kukiwa na wingu paka mafuta ya kuzuia jua usoni na nyuma ya shingo.

Ila usije ukajidanganya kwamba siku tatu za Nairobi zimekuzoesha mlima. Hazijakuzoesha. Lenana iko mita 4,985 na kule oksijeni ni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya baharini, mwili unazoea kwa kulala juu taratibu. Kanuni inayotumika na watu wa milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, sehemu unayolala leo isizidi ya jana kwa zaidi ya kama mita 500. Angalia sasa Sirimon, Old Moses ni 3,300 na Shipton's ni 4,200, hapo unaruka mita 900 kwa siku moja, kwahiyo mwambie guide wako mapema kabisa kwamba unataka usiku mbili Old Moses, siku ya katikati mnapanda mchana kuelekea kambi ya Liki North alafu mnarudi kulala. Siku tatu za mjini zinakusaidia kwenye miguu, vifaa, usingizi na kujua mwendo wako. Hivyo vinne sio vidogo.

Kuujua mji

Kabla hujatoka jichoree kichwani boksi moja. Magharibi kuna Uhuru Highway, kaskazini University Way, kusini Haile Selassie Avenue, na mashariki Moi Avenue. Ndani ya hilo boksi ndo kuna maofisi, mabenki, KICC, msikiti wa Jamia, City Market, na unaweza kulivuka kutoka upande mmoja mpaka mwingine kwa robo saa hivi. Ukivuka Moi Avenue kwenda mashariki unaingia Tom Mboya, Ronald Ngala, Luthuli, River Road, huko ndo kuna pilikapilika zenyewe, matatu, maduka ya jumla, watu wanabeba mizigo wanakuambia pisha. Wenyeji mji wenyewe wanauita tao. Ukipotea inua kichwa utafute KICC, lile jengo refu la duara lenye rangi ya udongo, utajua uko upande gani.

Jambo ambalo lilinichanganya sana ni kwamba watu hawaelekezi kwa majina ya mitaa, wanaelekeza kwa majengo na steji, yaani vituo vya matatu. Utaambiwa nenda mpaka Archives, ukifika Ambassadeur uliza, gari za huko ziko Odeon, au Kencom, au Tea Room, au Railways. Na mengine kati ya hayo maeneo yenyewe hayafanyi tena kazi iliyoyapa jina, Odeon ilikuwa sinema, na hoteli ya Hilton, ule mnara wa duara, ilifungwa mwishoni mwa 2022 lakini mpaka leo watu wanapeana ahadi ya kukutana Hilton. Kwahiyo andika hayo majina kwenye karatasi, yatakusaidia kuliko ramani ya kwenye simu. Na simu usiitoe ovyo ukiwa unatembea, hasa Tom Mboya na River Road na karibu na dirisha la matatu iliyosimama. Ukitaka kuangalia ramani ingia dukani au simama ndani ya mlango wa benki, angalia, rudisha mfukoni, tembea.

Wa kumuuliza njia ni muuza magazeti, wakala wa M-Pesa, au mlinzi wa mlangoni, wenyewe wanamwita soja. Hao wako palepale kila siku na hawana haraka. Anza na salamu, sema samahani kaka, au boss, mwanamke wa makamo muite mathe au auntie, Kiswahili chetu cha naomba na samahani wanakipenda sana kule, mama mmoja wa Muindi Mbingu nilimwamkia shikamoo akacheka kwa furaha akanishika mkono akanipeleka mwenyewe mpaka kona. Uliza sehemu moja ya karibu, ukifika uliza inayofuata. Usimwambie mtu usiyemjua unafikia wapi wala ratiba yako ya mlima, hata akiwa mchangamfu kiasi gani.

Hela jifunze siku ya kwanza maana bei utatajiwa kwa lugha ya mtaani. Mbao ni shilingi ishirini, finje hamsini, soo ni mia, ngiri au thao ni elfu. Pasipoti ikiwepo sajili laini ya Kenya na uwashe M-Pesa siku hiyohiyo, sio anasa, karibu kila kitu kinalipwa kwa simu mpaka chai ya kibandani, na viingilio vya mbuga na misitu ya serikali vinalipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, getini kule mlimani noti zako hazina kazi. Na chai ukiagiza chai tu utaletewa ya maziwa, ya rangi wanaiita turungi. Maharage yakiitwa madondo na chapati ikiitwa chapo usishangae, chapo madondo ni chakula kizuri sana cha mtembeaji, kinashiba na kinapatikana kila kichochoro.

Kuvuka barabara. Magari yanakaa kushoto kama kwetu kwahiyo macho hayatakusumbua, shida ni kwamba taa ikiwa nyekundu haimaanishi gari limesimama, na zebra peke yake haimsimamishi mtu. Fanya wanavyofanya wenyeji, subiri wakusanyike watu watano sita, mkivuka mnavuka kwa pamoja, usiwe wa mbele wala wa nyuma kabisa. Angalia pande zote mbili hata kama barabara ni ya upande mmoja kwasababu bodaboda, wenyewe wanaita nduthi, hazifuati upande. Kipilefti usikikatize katikati. Sigara usivute ukiwa unatembea mjini, kuna sehemu maalumu na askari wa kaunti wanakamata kweli. Na mifuko ya plastiki iache nyumbani, Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, halafu kwenye mbuga na misitu ya hifadhi chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa tangu Juni 2020, kwahiyo chupa ya kujaza maji nunua hapohapo mjini na uanze kuitumia.

Siku ya kwanza, bila mzigo

Siku hii ni ya kutembea tambarare na kuzoea. Anza asubuhi Kenyatta Avenue. Ukiwa unatokea Moi Avenue utakuta sanamu za wanaume watatu za shaba katikati ya barabara, naomba usipite tu. Zilizinduliwa 1928, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Askari yetu ya pale Posta Dar, na ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana vita kuu ya kwanza na wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, Kiswahili cha zamani hicho, na sehemu moja inawataja wapagazi kwamba wao ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilisimama pale muda mrefu. Hao wapagazi Waingereza waliwaita Carrier Corps, na jina hilo ndo limezaa Kariakoo yetu na Kariokor ya Nairobi. Sisi tunakotoka kununua maharage na mashuka kuna jina la watu waliokufa wamebeba mizigo ya wengine. Na wiki hiyohiyo wewe unaenda kulipa mtu akubebee begi mlimani, kwahiyo ukirudi hotelini lifungue hilo begi, toa jinzi ya tatu, toa viatu vya ziada, pima lililobaki, alafu muulize guide kama wapagazi wake wana koti la mvua na mahali pakavu pa kulala. Ni swali la kawaida kabisa na guide mzuri atakujibu bila kununa.

Kutoka hapo ingia Kimathi Street, kuna sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyowekwa 2007, kanyongwa gereza la Kamiti Februari 1957, wapiganaji wa Mau Mau walijificha kwenye misitu ya Nyandarua na ya huo mlima unaoenda kuupanda. Endelea mpaka KICC, ghorofa 28, limemalizika 1973, ulizia pale chini kupanda juu, nenda kwa lifti. Ukibahatika anga ikawa safi asubuhi Mlima Kenya unaonekana upande wa kaskazini, meno mawili meusi mbali sana, na kusini ukaona Kilimanjaro. Mi niliona Kenya tu na ilitosha, ilinipa picha ya ukubwa wa kitu ninachokifuata. Mchana wingu linafunga kwahiyo usichelewe.

Shuka ufuate Moi Avenue, pale inapokutana na Haile Selassie kuna bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, ndo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998 siku moja na ule wa kwetu Dar. Kuna ukuta wa majina. Ingia hata dakika kumi.

Nyaraka za Taifa, hiyo Archives wanayoisema, chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, vinyago, silaha, nguo, vitu vizuri sana na watu wengi wanapita nje kila siku hawaingii. Jioni rudi mapema. Giza likiingia acha kutembea, chukua teksi ya apu hata kama ni karibu.

Ukifika chumbani vua buti, kagua miguu kwenye mwanga. Alama yoyote nyekundu ibandike leo, sio kesho.

Gikomba

Hii iweke asubuhi ya siku ya pili kama kuna kitu kimepungua, na kwa mtu wa pwani lazima kimepungua, maana jaketi za baridi kali kwetu hatuna. Gikomba ni soko la mitumba kubwa kuliko yote Nairobi, liko mashariki ya tao, unafika kwa miguu lakini kuna msongamano na wezi wa mifukoni wapo, kwahiyo nenda na mwenyeji, saa mbili asubuhi, hela kidogo mfuko wa mbele, pasipoti iache chumbani. Neno la kujua pale ni kamera, ndo mzigo wa kwanza uliochaguliwa belo likifunguliwa, wa chini kabisa unaitwa fagia. Jaketi la manyoya ya bata, fulana ya joto ya kuvaa ndani, glovu, kofia ya sufi, vyote unapata na ni vizuri kuliko vipya vya bei hiyohiyo. Ukipenda pa kutulia kidogo kuna Toi, karibu na Ngong Road.

Buti za mitumba sasa zinataka macho. Kijana mmoja pale alinipa buti nzuri sana, ngozi safi, imepakwa rangi inang'aa, bei imeshuka mara mbili sijafungua mdomo. Mwenyeji niliyekuwa naye akaichukua, akabonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, ile sehemu laini kati ya ngozi na mpira wa chini, ikabonyea ikabaki na shimo na unga mdogo ukatoka. Hiyo buti imekaa stoo miaka mingi, soli imeoza ndani, ukiitembelea siku mbili inabanduka yote. Kwahiyo bonyeza hapo, kunja buti katikati uangalie kama kuna nyufa, nusa kama kuna gundi mpya, na angalia visigino vyote viwili vimelika sawa. Jaribu ukiwa na soksi mbili, na ujaribu jioni au baada ya kutembea, mguu ukiwa umevimba kidogo ndo ukubwa wake wa mlimani. Ukisukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Betri za tochi ya kichwani na chaja utapata Luthuli, nunua betri za ziada maana baridi inazimaliza haraka, usiku wa kwenda Lenana mnaanza saa tisa.

Siku ya pili, na mzigo

Mchana toka na begi dogo lenye kilo tano au sita, yaani maji, koti la mvua, jaketi, chakula, kama utakavyobeba mlimani. Pandisha Valley Road kutoka mwisho wa Kenyatta Avenue ukiwa umeiacha Uhuru Park kushoto kwako. Ni mwinuko mrefu, sio mkali, unafaa kabisa. Hapa ndo pa kutafuta mwendo wako, kipimo ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, ukianza kukata maneno umezidisha. Utapitwa na kila mtu, wamama wenye vikapu, watoto wa shule, waache wapite. Ule mwendo unaouona wa aibu pale Valley Road ndo utakaotembea nao kwenye mawe ya juu ya Shipton's.

Alafu geuka ushuke na njia hiyohiyo, na hili watu hawalifanyi kabisa. Mteremko ndo unaosema ukweli kuhusu buti. Vidole vikigonga mbele ukishuka lami, basi siku ya kushuka mlima zile kilomita zote utapoteza kucha. Kaza kamba ya kifundoni ujaribu tena, vikiendelea kugonga buti ni ndogo, badilisha leo. Ile bonge la sababu ya kuja mapema ni hii, una siku ya kubadilisha.

Miguu ikiwa bado ina nguvu nenda Arboretum, kama kilomita tatu kutoka tao, ilianzishwa 1907 kujaribia miti ya mbao na kuni za reli, leo ni hekari za kivuli tupu na kima wanakuja kukuangalia, chakula usitoe kwenye begi. Njia za udongo zenye mizizi, ndo kitu cha kwanza kinachofanana na msitu wa chini wa mlimani, kanyaga hapo ujue soli inashika vipi. Ikulu iko jirani kwahiyo kamera usielekeze upande huo.

Kama mvua inanyesha au umechoka, badala ya Arboretum nenda makumbusho ya taifa pale Museum Hill, kuna mifupa halisi ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale kabisa, alipatikana 1984 na Kamoya Kimeu, ana umri wa kama miaka milioni 1.5 hadi 1.6, alikufa bado mtoto. Angalia mifupa ya mapaja, mirefu, myembamba, umbo la mtu wa kutembea mbali. Nilitoka pale nikiwa na heshima nyingine kabisa kwa miguu.

Siku ya tatu, toka nje ya tao

Chaguo langu ni vilima vya Ngong. Panda matatu namba 111 mpaka mji wa Ngong, alafu bodaboda mpaka getini, lipia, na uchukue askari wa msitu atembee nanyi, usiende peke yako. Kilele chake kina mita 2,460, upepo ni mkali muda wote mpaka wameweka mitambo mikubwa ya umeme wa upepo, na vilima vinafuatana kimoja baada ya kingine, unapanda unashuka unapanda mpaka Kona Baridi, upande mmoja unaona Nairobi na mwingine Bonde la Ufa linazama chini. Hapa jaribu koti la upepo na glovu, jaribu kula ukiwa unatembea, jua ni biskuti gani mdomo wako unaikubali ukiwa umechoka. Maliza saa nane mchana uwe ushashuka.

Kama miguu ina maumivu acha Ngong, nenda msitu wa Karura kwa matatu za Limuru Road, njia zake ni laini na tambarare, kuna maporomoko ya maji na mapango waliyotumia Mau Mau. Huo msitu upo kwasababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya waliotaka kuugawa viwanja, Januari 1999 alipigwa pale getini mpaka akatoka damu kichwani, miaka mitano baadaye akapewa Nobel. Unatembea kwenye kivuli ambacho mtu amekilipia.

Usiku wa siku hiyo kula mapema, osha miguu, kausha buti kwa kuzijaza magazeti, usiziweke juani wala karibu na hita. Angalia habari pia, siku za maandamano tao linafungwa na magari ya mikoani hayatoki, hasa karibu na Juni 25 na Julai 7, kwahiyo ukiona dalili ondoka siku moja kabla. Na kama umepanga peke yako tafuta guide sasa, getini hawaruhusu mtu kupanda mwenyewe.

Magari ya Nanyuki yanapakia pande za Latema, Accra Road na River Road, nenda saa kumi na mbili asubuhi kwa teksi ukiwa na begi kubwa, uliza nauli kabla hujakaa maana siku za mvua na sikukuu inapanda. Ni kama kilomita 200, masaa matatu mpaka manne. Kaa upande wa kulia, dirishani. Ukishapita Karatina anza kuangalia, maana ukiwahi kabla wingu halijafunga mlima unatokea wote kulia kwako na theluji kidogo kwenye mabega yake, na gari zima utaona wenyeji wameendelea kusinzia wewe tu umeganda kwenye kioo. Nanyuki iko karibu mita 1,950, ukifika weka mizigo, vaa buti, tembea nusu saa tu mjini taratibu, rudi ulale.